Nina milioni 40: mashine ya kusaga chupa, zabuni ya taka au gari la majitaka?

Swali, kwa kifupi: msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam, ana akiba ya shilingi milioni 40 na anataka kuingia kwenye biashara ya mazingira. Mmoja amemshauri aagize mashine ya kusaga chupa za plastiki, mwingine aombe zabuni ya kuzoa taka mtaani, wa tatu anunue gari la kunyonya majitaka. Amesikia pia habari za kufuga funza wa kulishia kuku na biashara ya hewa ukaa. Anauliza ipi ina pesa, na aanzie wapi.

Dada, mashine usiagize bado. Biashara zote tatu zinalipa na zote tatu zimeshafilisi watu, na mara nyingi aliyefilisika alianza na chombo ndipo akatafuta wa kumlipa. Kwenye kazi hizi mwenye uchafu anataka uondoke, lakini kutaka uondoke na kutoa pesa ni mambo mawili. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atalipa, atalipa lini, na nini kitamlazimisha. Mwenye choo kilichofurika anakupigia simu mwenyewe na analipa leo. Mnunuzi wa plastiki analipa baada ya wiki mbili au mwezi, kwa ubora anaoutaka yeye. Kaya ya mtaani inalipa ada ya taka pale inapofuatwa mlangoni, na halmashauri inalipa karatasi zikishamaliza kuzunguka meza zote.

Tuanze na zabuni ya mtaa, kwa sababu ndiyo inayodanganya zaidi kwa macho. Mtu anaona kaya 3,000, anazidisha kwa ada ya shilingi 3,000 kwa mwezi, anapata milioni 9, anakimbilia benki. Sasa tupige hesabu yenyewe. Mtu mmoja mjini hutoa takriban nusu kilo ya taka kwa siku. Kaya 3,000 za watu wanne wanne ni tani 6 kwa siku, tani 180 kwa mwezi. Taka zetu ni maganda na mabaki ya chakula kwa sehemu kubwa, zina maji, ni nzito. Bodi ya mita za ujazo 10 inabeba kama tani 3.5. Hizo ni safari 51 kwa mwezi, yaani mbili kila siku ya kazi. Kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi na kurudi tuweke kilomita 50, lita 15 za dizeli kwa Fuso pamoja na kusubiri foleni huku injini inaunguruma. Tukiweka bei ya mfano ya shilingi 2,800 kwa lita, mafuta peke yake ni 2,142,000. Dereva 400,000, wapakiaji wanne milioni 1, matengenezo na matairi 800,000, na wakusanyaji wa ada asilimia 10 ya wanachokusanya.

Kaya zinazolipa zikiwa asilimia 55, unaingiza 4,950,000 na kutoa 4,837,000. Umebaki na 113,000, na hujaweka akiba ya gari jingine. Zikifika asilimia 75 unaingiza 6,750,000, unatoa 5,017,000, unabaki na 1,733,000. Tofauti ya faida na hasara ni kaya 600 tu. Ndiyo maana mkandarasi mzuri wa taka ni mkusanyaji wa madeni aliyejaliwa kuwa na gari. Anaanza na orodha ya nyumba kwa nyumba aliyoipitia na mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, ana siku maalumu ya kupita isiyobadilika, na anadai ada siku ileile gari linapopita. Siku gari likikosa, wiki hiyo hakuna atakayekulipa, na wana haki. Kabla ya kutia saini, uliza pia mkataba unasema nini kuhusu baa, magesti, maduka na masoko. Mkandarasi akiachiwa kaya tupu huku wateja wa biashara wakibaki kwa mwingine, hajaachiwa kitu.

Zabuni za halmashauri siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, na sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kama mko wanawake kadhaa, kikundi kilichosajiliwa kina nafasi ambayo wewe peke yako huna. Ila kwa milioni 40 usijaribu kaya 3,000. Anza na kuzoa kwa guta au toyo kutoka kwenye vichochoro ambavyo Fuso haiingii mpaka kwenye ghuba la taka, ukiwa chini ya mkandarasi mwenye gari.

Gari la majitaka lina mlipaji bora kuliko wote. Tatizo ni bei ya kuingia: gari lililotumika pamoja na tangi na pampu litazimaliza milioni 40 zako na kuomba nyingine, na gari la namna hiyo likilala siku tatu gereji hakuna kinachoingia. Kuna pia fizikia ambayo muuzaji hakuelezi. Pampu ya utupu, hata ikiwa mpya, kwa kazi halisi huvuta maji kutoka kina cha mita kama 7. Tope zito la chini ya shimo ni mita 2 hadi 3 tu. Mashimo mengi ya uswahilini yamejaa matambaa, pedi, chupa na mchanga, na mpira wa inchi 3 unaziba dakika ya kumi. Ufundi ni kumwaga maji kwanza, kukoroga, kuchokoa takataka kwa ndoano ndefu, ndipo unavuta. Kinachoua pampu ni kujaza tangi kupita kiasi hadi tope likavutwa kwenye chujio la unyevu na kuingia ndani: mabawa ya pampu yanasagika, mvuto unaisha. Na asiingie mtu shimoni, hata kwa dakika moja, hata akiwa amejifunga kamba. Hewa ya mle inaua wa kwanza, kisha inamuua anayemfuata kumwokoa.

Mshindani wako kwenye kazi hii si gari jingine. Ni masika. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha vyoo vyao usiku ili mafuriko yachukue. Kwa hiyo usitegemee Aprili kuwa mwezi wa mavuno kwenye maeneo ya mabondeni, ingawa mashimo yamejaa maji ya ardhini. Mteja wa uhakika ni shule, magesti, nyumba za kupangisha zenye wapangaji wengi na viwanda vidogo. Na piga hesabu ya umbali hadi mahali DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar, wanapopokea majitaka, kama mabwawa ya Vingunguti. Gari linalofanya safari mbili kwa siku na linalofanya nne ni biashara mbili tofauti.

Sasa chupa. Hapa ndipo ningekuweka wewe, lakini si kwenye kusaga. Ningekuweka kwenye kununua, kuchambua na kubana marobota.

Sababu ni ujazo. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 12 hadi 18, kwa hiyo tani moja ni chupa kama 65,000. Zikiwa zimevimba hivyohivyo, mita moja ya ujazo inabeba kilo 20 hadi 30 tu, unasafirisha hewa. Chukua kituo kinachonunua tani 10 kwa mwezi kwa shilingi 400 kwa kilo na kuuza kwa 650. Bei hizi ni za mfano, zako utazipata kwa mnunuzi. Katika tani 10, ukiondoa maji, mchanga na vifuniko, utauza kama tani 9.3. Unapata 6,045,000, ukitoa milioni 4 ya manunuzi inabaki 2,045,000. Zikiwa hazijabanwa, kwenye bodi ya mita za ujazo 20 hizo ni safari 19. Kwa 120,000 kila safari umeshalipa 2,280,000. Umepata hasara kabla ya kodi ya pango. Zikiwa zimebanwa ni safari mbili, 240,000.

Endelea na hiyohiyo yenye kubana: pango 300,000, vijana wawili wa kuchambua na kubana 600,000, mlinzi 200,000, umeme 120,000, waya 80,000, usafiri 240,000. Jumla 1,540,000, unabaki na kama 500,000. Si pesa ya kutangaza harusi. Lakini kwenye tani 20 gharama hazizidi mara mbili: unaongeza kijana mmoja, umeme unakuwa 200,000, waya 160,000, usafiri 480,000, jumla 2,240,000, na kinachobaki ni 1,850,000. Kwa hiyo kazi yako ya mwaka wa kwanza ni kufika tani 20. Mashine ya kubana ya wima, yenye nguvu ya tani 20 hadi 30 na mota ya kilowati 5.5 au 7.5, ikitoa robota la kilo 80 mara tatu kwa saa, inazimudu hizo tani 20 bila kutoka jasho.

Kwa nini si mashine ya kusaga? Kwa sababu chengachenga chafu, yaani vipande vya chupa iliyosagwa bila kuoshwa, hazina mnunuzi wa maana. Mnunuzi hawezi kuona tena ulichosaga; chupa nzima anaikagua kwa macho, chenga ni lazima azipime. Ili chenga zipate bei yake unahitaji tangi la kuelesha, ambamo vifuniko na lebo huelea na chupa huzama, uoshaji wa maji ya nyuzi 80 hadi 90 yenye magadi makali (caustic soda) ya asilimia 1 au 2, kusuuza mara kadhaa, kukausha, na mahali halali pa kupeleka maji machafu. Hapo hujagusa visu. Jiwe moja au kipande cha bati kikipita, visu vinapata mapengo. Butu ikizidi unatoa unga na joto badala ya chenga. Mota ya mashine hiyo ni kilowati 15 hadi 30, na laini ya njia tatu ya TANESCO ya mzigo huo si ombi la siku moja. Wapo wanaoifanya vizuri, wakiwa na mtaji mara kadhaa ya wako na mkataba mkononi. Msisahau pia kwamba China ilifunga mlango wa taka za plastiki za majumbani tangu Januari 2018, na tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka zinazovuka mipaka, unataka plastiki chafu au iliyochanganywa isivuke mpaka bila idhini ya nchi inayoipokea. Plastiki safi ya aina moja ndiyo inayosafiri kwa urahisi.

Ubora basi ndio mshahara wako, na ubora unaanzia kwenye mizani. Nunua chupa zikiwa kwenye nyavu kama za vitunguu, si viroba. Ndani ya kiroba utauziwa mawe, mchanga na maji ya bomba. Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo, na iwekwe mahali mwokota chupa anaisoma mwenyewe. Akishakushika unaiba nusu kilo, kesho analeta jiwe la kilo moja, na kesho kutwa hamumwoni tena. Kwa tani 20 unahitaji kilo 800 kwa siku: waokota chupa 50 wa kilo 16 kila mmoja, au wachache zaidi pamoja na magesti, kumbi za sherehe na shule tano au sita zinazokuwekea. Desemba hadi Machi joto linakuletea mzigo. Masika unashuka na unakuja umelowa.

Kuchambua: chupa angavu peke yake, za bluu hafifu peke yake, kijani na kahawia peke yake. Chupa za mafuta ya kula zina soko lake la chini, za oili na dawa za kilimo usizinunue kabisa. Adui mkubwa ni PVC, aina nyingine ya plastiki, kwa sababu chupa yake inafanana na chupa ya maji lakini kwenye joto la kuyeyushia chupa inaungua, inatoa tindikali na kuacha madoa meusi. Chupa chache za PVC zinatosha kumharibia mnunuzi tani nzima. Geuza chupa uangalie kitako. Chupa ya kawaida ya maji ina kitone katikati, alama ya mahali plastiki ilipoingilia kwenye umbo. Ya PVC ina mstari wa maungio ulionyooka kitakoni, na ukiikunja hubaki na ufa mweupe. Ukiwa bado na wasiwasi, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse chupa, kisha rudisha waya kwenye moto: mwali wa kijani maana yake ni klorini. Fanya nje, usivute moshi wake. Fundisha kijana mmoja jambo hili na umlipe zaidi ya wengine. Huyo ndiye mashine yako ya gharama.

Vifuniko vitolewe kabla ya kubana. Chupa yenye kifuniko inabaki na hewa, robota linavimba likitoka kwenye mashine, na waya unakatika njiani. Dereva atakupigia akiwa barabarani na chupa zimetapakaa lami yote. Vifuniko vina mnunuzi wake, viweke kwenye pipa. Robota likae chini ya paa, juu ya vipande vya mbao, si kwenye udongo.

Tena, usiache chupa wazi zikae na maji ya mvua. Dar imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi kidogo kama hayo. Afisa afya wa kata akikuta mabuu, kituo kinafungwa na majirani watamshukuru. Moto nao: acha njia ya mita 3 kati ya marundo, mchanga na vizima moto mlangoni, na pasiwe na mama lishe anayepikia mkaa ndani ya uzio.

Kwenye karatasi, anza na kusajili jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara na kibali cha halmashauri cha kushughulikia taka ngumu, kisha uliza mamlaka ya mazingira, NEMC kwa jina tulilolizoea, kama ukubwa wa kituo chako unadai cheti cha mazingira. Kituo cha kubana ni jambo dogo kuliko kiwanda cha kuosha na kusaga, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza hapo. Lakini waokota chupa watakuletea pia vyuma chakavu, betri za gari na simu mbovu. Hizo zinaangukia kwenye taka hatarishi, na kibali chake ni cha njia nyingine kabisa. Kataa hadi uwe nacho, hata kama bei yake inakutekenya.

TRA inahitaji akili kidogo. Kwa tani 20 mauzo yako ni kama milioni 145 kwa mwaka, ingawa faida ni ndogo. Hujafika milioni 200 za kulazimika kusajili VAT, kiwango kilichoanza Julai 2023, lakini umevuka milioni 100, kwa hiyo makadirio ya mfanyabiashara mdogo hayakuhusu tena, utahitaji mhasibu. Mwokota chupa hana risiti ya kukupa. Weka daftari la kila ununuzi: tarehe, jina, simu, kilo, kiasi, sahihi au dole gumba, na lipa kwa simu inapowezekana. Bila hivyo mtoza kodi anaona mauzo na haoni manunuzi. Na ukimtoza kiwanda huduma ya kuondoa taka, tarajia akate asilimia 5 ya kodi ya zuio. Omba cheti chake, ni pesa yako.

Kuhusu yale mengine uliyoyasikia, funza wa kulishia kuku ni kazi nzuri ukiwa na chanzo cha mabaki safi ya soko na mnunuzi wa chakula cha mifugo karibu. Biashara ya hewa ukaa si ya milioni 40, achana nayo kwa sasa.

Sasa namna ya kugawa pesa. Wiki mbili za kwanza usitumie zaidi ya laki tatu: nunua kilo 100 za chupa, zichambue, peleka sampuli kwa wanunuzi watatu, uwaulize bei ya robota, kiwango cha chini wanachopokea, wanakata asilimia ngapi ya unyevu, na wanalipa baada ya siku ngapi. Wawili wakikupa majibu kwa maandishi, tenga milioni 10 hadi 14 kwa mashine ya kubana na mizani, milioni 4 kwa paa, uzio na umeme, milioni 3 kwa pango la miezi sita na vibali. Milioni 10 ni ya kununulia chupa tu, kwa sababu kwenye tani 20 unatoa 320,000 taslimu kila siku huku mnunuzi akikulipa mwisho wa mwezi. Kinachobaki kikae benki; mwezi mmoja wa bei kuanguka utakihitaji.

Kama bado roho yako iko kwenye gari la majitaka, niandikie idadi ya magesti na shule zilizo ndani ya kilomita 5, kina cha mashimo yao, na umbali wa mahali pa kumwaga. Hapo tutaweza kupiga hesabu ya safari kwa siku.